Uchafu Uliofichwa Haujaondoka

Ndugu Waislamu, Mtume wetu (S.A.W.) alikataza mtu kujisaidia penye maji yanayotumiwa na watu. Itakuwaje basi ukijisaidia mji mzima? Kwa miongo mingi majitaka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yamemwagwa baharini bila kusafishwa. Rutuba iliyomo hustawisha magugu ya bahari yanayoyasonga matumbawe, na vijidudu vyake huwafikia watoto wanaojirusha majini pale Forodhani. Matumbawe yakifa, samaki hukosa makazi na mvuvi hukosa riziki. Mtambo wa kusafisha majitaka una gharama, lakini gharama hiyo tunailipa tayari kwa maradhi na nyavu tupu. Tuwahimize wenye mamlaka, nasi tusione uzito kuchangia ada yake. Wabillahi tawfiq.