Mchoro wa Hesabu Nao Ni Ushahidi

Tulihesabiwa mwezi wa Agosti mwaka 2022, na hesabu ilipotangazwa tulikuwa watu 61,741,120. Katika sensa ya mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923. Muulize mtu yeyote leo pale kijiweni akutajie tarakimu hizo mbili, hapana ajabu asiweze, wala si kosa lake. Tarakimu nane zikipangwa mstari mmoja hupita machoni kama abiria wa basi la mwendo. Lakini mchoree nguzo mbili, fupi na ndefu, kila moja na mwaka wake chini, atazikumbuka. Kesho atamweleza na jirani yake.

Hapo ndipo penye faida, na papo hapo ndipo penye hatari.

Tuzishike hizo hizo nguzo za sensa. Zikianzia sifuri, msomaji ataona ya kuwa ile ya pili imeizidi ya kwanza kwa kiasi cha theluthi na kidogo zaidi, na ndiyo kweli: kwa kila watu 100 tumeongezeka kama 37. Sasa mchoraji, ama kwa haraka ama kwa kutaka kutia chumvi, akate miguu ya nguzo zote mbili azianzishe kwenye milioni 40. Nguzo ya mwaka 2012 itabaki kisiki cha milioni tano hivi, na ile ya mwaka 2022 itasimama juu kwa milioni 21 na zaidi. Jicho litaona tumeongezeka zaidi ya mara nne! Hapana tarakimu hata moja iliyoghushiwa. Kila kilichoandikwa ni sahihi, na msomaji amedanganywa.

Yako na mengine ya namna hiyo. Mavuno yakiwa maradufu, mchoraji huchora gunia la pili kwa kurefusha kimo maradufu na kupanua ubavu maradufu, na karatasini gunia hilo hula nafasi mara nne. Ramani nazo zina hila zake. Ukipaka rangi mikoa yetu kwa kufuata idadi ya watu, mkoa wa Tabora, wenye zaidi ya kilometa za mraba 70,000, utajaza jicho, na Dar es Salaam, isiyofika kilometa za mraba 2,000, itakuwa tone tu la wino pwani. Hali katika sensa hiyo Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728, na Tabora haikufika milioni nne. Ardhi haipigi kura wala haili ugali. (Na tukumbuke ya kuwa wasomaji wengine hawatofautishi nyekundu na kijani, na ya kuwa gazeti likichapwa kwa wino mweusi rangi hizo mbili huwa kijivu kimoja. Jambo dogo, lakini limeharibu michoro mingi mizuri.)

Hatusemi haya ili kuikataa michoro. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa wa Soho mjini London. Wakubwa wa siku zile waliamini ya kuwa ugonjwa huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow akapita nyumba kwa nyumba, kisha akachora ramani ya mtaa na kutia alama kwa kila maiti mahali alipokuwa akiishi. Alama zikalundikana kuzunguka bomba moja la maji, la barabara ya Broad Street. Snow aliyajua mengi kabla ya kuchora, na mpini wa bomba ulikwisha kuondolewa kabla ramani haijachapwa. Lakini ramani ile ndiyo iliyowaonesha wengine alichokiona yeye. Miaka minne baadaye Florence Nightingale alichora vifo vya askari wa Uingereza katika vita vya Crimea, na kila aliyetazama aliona ya kuwa maradhi yaliyozuilika yaliua wengi kuliko risasi.

Kwa upande wa pili tunayo ya majirani zetu wa Kenya. Walipiga kura tarehe 9 Agosti 2022, na Tume yao ya Uchaguzi ikaweka wazi picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000, jambo la kusifiwa. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, kila kimoja kivyake na kwa kufuata vituo vyake. Basi mtu akitazama runinga huku humwona William Ruto mbele. Akigeukia nyingine, humkuta Raila Odinga mbele. Fomu ni zile zile, ila huyu ameanzia bondeni na yule ameanzia kilimani. Hata tarehe 15, matokeo yalipotangazwa, tofauti ilikuwa asilimia 50.49 kwa 48.85. Katika mbio za karibu namna hiyo, nguzo inayopanda na kushuka kwenye kioo yaweza kuwatoa watu barabarani kabla hesabu haijafika nusu.

Kwa hiyo twaona mchoro wa hesabu upimwe kama apimwavyo shahidi. Useme tarakimu zimetoka wapi na za tarehe gani. Nguzo zianzie sifuri. Kama hesabu haijakamilika, iandikwe kwa herufi kubwa vituo vingapi vimehesabiwa na vingapi vimebaki, wala si kwa vile vidudu vya chini visomwavyo kwa miwani. Na mchoraji akae na mwandishi tangu habari inapoanza. Siyo kuitwa saa tatu usiku ajaze pengo la ukurasa.

Hayo hayawahusu wengine peke yao. Michoro inayofika mezani petu kwa wingi ni ile ya kusifu: barabara zilizojengwa, shule zilizofunguliwa, mapato yaliyopanda, na nyingi kati yake huja zimekwisha kukatwa miguu. Gazeti la chama hushawishika kuzipokea kwa kuwa zinatupendeza. Mhariri wa zamu anayo ruhusa ya kuzirudisha zikachorwe upya, hata kama mitambo inangoja, na hata kama aliyezileta ni mkubwa wake.