Haki ya Mwanamke Aliyeachwa

Katika mitaa yetu ya Mji Mkongwe, tangu Malindi hata Shangani, mwanamke akishapewa talaka hufunga furushi lake akarejea kwa wazee wake. Mume humlisha muda wa eda, naye hujiona ameshalipa deni lote. Wapo wanaotwambia kwamba kudai zaidi ni kuiga Sheria ya Ndoa ya Bara ya mwaka 1971. Twawakatalia. Aya ya 241 ya Sura ya Baqara, isomwayo katika kila chuo, imewapa waliotalikiwa kitu cha kuwaliwaza. Na madhehebu ya Shafi, ndiyo ya wengi wetu, huihesabu mut'a hiyo kuwa ni wajibu wa mwenye kuacha. Imam Nawawi katika Minhaj amemwachia kadhi aikadirie pale wawili wanapokhitilafiana. Mbona basi kwetu wajibu umegeuzwa hisani, anayetaka hutoa doti ya kanga, asiyetaka hugeuza mgongo?

Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 yautazama mchango katika mali ukithibitika. Lakini nani atamtolea mwanamke huyu ushahidi wa miaka ishirini ya kupika, kulea na kushona kofia alizouza mume? Kadhi na aulize miaka hiyo, aitie katika makadirio, kisha aamuru. Twaambiwa wanaume wataogopa kuacha. Na waogope! Aliye hohehahe atalipa kidogo kidogo, kama alivyolipa mahari.