Dawa ya Mlima ni Kushuka

Wenzangu wanafunzi, nanyi wakubwa wetu mliokwisha soma hapa, vijana wengi siku hizi hutamani kupanda Ruwenzori. Tamaa hiyo ni njema. Lakini yafaa tujue ya kuwa mlima huweza kuishika akili ya mtu hata kama miguu yake ingali na nguvu.

Hapa Kampala twakaa mita 1,200 hivi juu ya bahari. Kilele cha Margherita, alichokifikia Mtaliana Luigi Amedeo mwaka 1906, kina mita 5,109. Huko juu hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Ubongo, ijapokuwa ni mdogo, hutumia sehemu ya tano hivi ya oksijeni yote ya mwili. Kwa hiyo hupungukiwa upesi: mtu husahau, hukosea hesabu, hukata shauri bila busara. Ugonjwa ukizidi hupepesuka kama mlevi, na huweza kufa.

Wengine husema, "Wachina wana mizizi ya hongjingtian, tunywe, twende." Mimi siwadharau waganga wa Kichina. Tu Youyou alisoma vitabu vyao vya kale, akatoa katika mmea wa qinghao dawa ya malaria inayotuponya hata sisi Uganda, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini dawa ile ilipimwa kwanza. Hongjingtian nayo imepimwa, na majibu hayapatani. Majani ya ginkgo, mti wa Kichina, yalijaribiwa kwa wapanda milima wa Himalaya, na mwaka 2004 ikatangazwa kuwa hayakuwakinga. Asetazolamidi, dawa ya hospitali, iliwasaidia.

Hatari kubwa ni hii: mgonjwa hujipima kwa akili ile ile inayougua. Akiisha kunywa dawa anayoiamini atasema, "Mimi mzima," kumbe yu karibu kuanguka. Basi nashauri kila kundi lipatane kabla ya kuondoka: mwenzako au kiongozi wa safari akisema umebadilika, utashuka bila ubishi, hata kama kilele chaonekana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tupande polepole, na dawa yetu ya kwanza iwe kushuka. Kilele hakihami; kitatungoja mwaka ujao.