MAPENZI SI HOJA: JAWABU KWA WALIMU WA DANSI YA TUMBO

Sifa zote njema ni zake Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, yapo maneno yanayorudiwa na walimu wa kile kiitwacho dansi ya tumbo, au kwa Kiarabu raqs sharqi, kuanzia California hadi Cairo kwenyewe. Husema: tunaipenda ngoma hii, imetufundisha kuiridhia miili yetu, ni urithi wa kale wa wanawake wa Kiarabu, basi anayeipinga anaipinga furaha ya mwanamke na utamaduni wa Waislamu wenyewe. Maneno haya yamewafikia mabinti zetu kupitia simu za mkononi, na wapo walioanza kuyakariri. Kwa hiyo tumeona ni wajibu kuyajibu.

Tuanze na insafu, kwani Allah ametuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia, sembuse kwa watu wasiotufanyia ubaya. Hatusemi kuwa mapenzi ya walimu hawa ni ya uongo. Marehemu Jamila Salimpour, aliyefundisha California kwa miongo mingi na kufariki mwaka 2017, alizikusanya hatua alizoziona kwa wachezaji wa Mashariki, akazipa majina na kuzipanga ili zifundishike. Binti yake Suhaila ameiendeleza kazi hiyo kwa madaraja na mitihani. Mjini Cairo, Raqia Hassan, aliyewahi kuwa katika kundi la ngoma la Mahmoud Reda, alianzisha tamasha la mafunzo ambalo huwakusanya wanafunzi kutoka nchi nyingi. Mwanafunzi hutakiwa autambue mdundo wa maqsum na wa saidi kwa sikio tu. Humtaja mwalimu wake na mwalimu wa mwalimu wake, kama sisi tunavyotaja isnadi. Laiti nusu ya bidii hii ingeonekana katika madrasa zetu, ambamo mwalimu hulipwa pale anapokumbukwa, na mtoto akitakiwa kusoma siku ya Jumamosi huonekana ameonewa!

Lakini bidii ni kitu kimoja, na haki ni kitu kingine. Tuzitazame shubha zao moja baada ya nyingine.

Shubha ya kwanza: "Huu ni urithi wenu."

Jawabu: urithi upi? Kwamba wanawake wa Kiarabu wamecheza majumbani mwao tangu zamani, hilo hatulikatai. Lakini hicho sicho kinachouzwa. Jina lenyewe la dansi ya tumbo limetokana na Kifaransa, na lilienea kupitia maonesho makubwa ya biashara, Paris mwaka 1889 na Chicago mwaka 1893, ambako ilijengwa "mitaa ya Cairo" ya bandia ili watu walipe kiingilio na kuutazama Mashariki kama wanavyotazama wanyama katika bustani. Kisha mwaka 1926 Badia Masabni, mwanamke mwenye asili ya Sham, alifungua ukumbi wake mjini Cairo. Humo ngoma ikapewa jukwaa pana na ikachanganywa na mitindo ya Kizungu, na humo wakapitia Tahia Carioca na Samia Gamal kabla ya kuwa nyota wa filamu. Hata lile vazi la vipande viwili lenye shanga, wanahistoria wengi wanaona ndani yake mkono wa majukwaa na filamu za Magharibi. Basi umbo hili lina umri wa takriban karne moja, na wapo babu zetu waliozaliwa kabla yake.

Tazameni pia neno awalim, walilokuwa wakiitwa waimbaji wa kike wa Misri. Ni wingi wa alima, yaani mwanamke mwenye elimu. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo na kuchapisha kitabu chake kuhusu mila za Wamisri mwaka 1836, aliwatofautisha awalim, waliowaimbia wanawake ndani ya nyumba, na ghawazi, waliocheza hadharani barabarani. Anaeleza kuwa nyumba za watu wa heshima hazikuwafungulia ghawazi milango. Wamisri wa wakati ule, basi, walijua mpaka uko wapi. Leo mpaka huo umefutwa, kisha tunaambiwa kuufuta ndio utamaduni wetu!

Na lau ingekuwa ni urithi wa miaka elfu, bado isingekuwa hoja. Qur'ani imewakemea mara nyingi wale waliojibu kuwa wanafuata tu waliyowakuta nayo baba zao.

Shubha ya pili: "Ni mazoezi ya mwili na furaha ya wanawake. Uislamu unachukia furaha?"

Jawabu: Uislamu haukuja kuua furaha. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha huku akitazama mpaka akatosheka mwenyewe. Harusini dufu hupigwa na nyimbo huimbwa. Imam Nawawi, ambaye wengi wetu hapa pwani tunafuata madhehebu yake, hakuiharamisha ngoma yenyewe katika Minhaj, ila ile yenye kujilegeza na kujipinda kwa namna ya kutamanisha. Mwanamke akicheza mbele ya mumewe, hakuna wa kumuuliza.

Kinachopingwa ni mahali, macho na bei. Shule nyingi za ngoma hii hazikomei kwenye darasa la wanawake. Baada ya miezi kadhaa hutangazwa onyesho, tiketi huuzwa, milango hufunguliwa kwa kila mwanamume mwenye nauli, na picha husambazwa. Yaliyoanza kama mazoezi yameishia sokoni. Mwalimu anayedai kumrudishia mwanamke mwili wake, kisha akampandisha jukwaani mbele ya wageni wanaolipa, amemrudishia nini?

Shubha ya tatu: "Tunaipenda."

Jawabu: mapenzi hutujulisha hali ya moyo wa mpendaji, hayatujulishi hukumu ya kinachopendwa. Mfanyabiashara wa riba naye anaipenda kazi yake na huamka alfajiri kwa ajili yake. Ikiwa kila kinachopendwa ni halali, basi sharia haina kazi.

Ndugu Waislamu, msidhani tumemaliza. Upanga huu una makali mawili.

Mwaka 1834 Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri, aliwapiga marufuku ghawazi mjini Cairo. Wengi wao wakahamishiwa Misri ya Juu, katika miji kama Esna, Qena na Aswan. Na wanaume waliokuwa wakiwalipa? Walibaki Cairo na heshima zao. Mwaka 1850 mwandishi wa Kifaransa Gustave Flaubert alipanda Mto Nile hadi Esna, akafika kwa mmoja wa wanawake hao, aliyejulikana kwa jina la Kuchuk Hanem. Mwanamke aliyefukuzwa kwa jina la maadili akawa kivutio cha wasafiri. Hivyo ndivyo unavyokuwa urekebishaji unaomwadhibu mnyonge na kumwacha mteja.

Je, sisi tuko mbali na hayo? Katika kumbi za harusi za miji yetu, mauno hukatwa mbele ya kamera, wanaume wa ukoo hupenyeza macho mlangoni, fedha hutuzwa, na asubuhi yake msichana aliyecheza ndiye anayesemwa mtaani. Aliyemwalika hasemwi, aliyemtuza hasemwi, wala aliyeisambaza video. Someni Suratin-Nur kwa utaratibu wake. Aya ya 31 inawaamrisha waumini wa kike kuinamisha macho, kusitiri mapambo yao na kutopiga miguu chini ili yajulikane waliyoyaficha. Lakini aya ya 30 imetangulia, nayo inawaambia wanaume wainamishe macho yao. Allah ameanza na mtazamaji. Sisi tumeirukia ya pili kana kwamba ya kwanza haikuteremshwa.

Kwa hiyo tunanasihi mambo matatu. Kwanza, wazazi wazirudishe sherehe za wanawake kuwa za wanawake kweli, bila kamera na bila simu. Pili, anayetuza na anayesambaza akemewe kabla ya anayecheza. Tatu, mabinti zetu wapewe elimu, mazoezi na furaha ya halali, ili asije mwalimu wa mbali kuwauzia kama dawa kile ambacho nyumba zao zingewapa bure.

Tunamuomba Allah atuoneshe haki kuwa ni haki na atuwezeshe kuifuata. Wabillahi tawfiq.