Moshi usioonekana nao upimwe

Mhariri,

Huku Nyakunguru tumezoea kulipima lori la dizeli kwa macho: likitoa moshi mweusi tunalilaani, usipoonekana tunaliona zima. Vumbi angalau tunaliona, tukafunga dirisha. Lakini chembe za moshi zenye kipenyo chini ya nanomita 100 hazionekani, na uzito wake ni mdogo mno hata mzani hausaidii. Huhesabiwa kwa idadi. Ulaya, gari dogo jipya la dizeli lisizidishe chembe bilioni 600 kwa kilomita. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya saratani, lilitangaza mwaka 2012 kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilete kifaa cha kuhesabia chembe hizo, lianzie barabara wanayopita wanafunzi asubuhi, kisha matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji.

Msomaji,
Nyakunguru, Tarime