Tairi rahisi hugharimu

Mwenye Peugeot 504 au Land Rover ya zamani akitoka Tumbi, Kibaha, kwenda kununua tairi, mara nyingi huulizwa mambo mawili tu: saizi ya rimu na kiasi cha fedha alichonacho. Hiyo si biashara nzuri, na hasara humwangukia mnunuzi.

Kosa la kwanza ni la saizi. Tairi za 504 nyingi ziliandikwa 175 SR 14, bila kutaja kimo cha ubavu. Kwa maandishi ya leo hiyo ni karibu sawa na 175/80 R 14. Muuzaji akitoa 175/65 R 14, itaingia kwenye rimu bila taabu, lakini gurudumu litakuwa limepungua kimo kwa sentimita 5 hivi. Baya zaidi ni mzigo. Tairi yenye namba 88 hubeba kilo 560. Yenye namba 82 hubeba kilo 475. Kwa magurudumu manne pengo ni kilo 340, uzito wa magunia matatu ya mahindi na zaidi.

Kosa la pili ni la umri. Kashata nene haithibitishi kuwa tairi ni nzima, kwani mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Tangu mwaka 2000, umri huandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Watengenezaji wengi hushauri tairi isitumike ikipita miaka 10. Gari la zamani hutembea kidogo, hivyo mpira huweza kuchakaa kabla ya kashata.

Fundi naye ana wajibu. Rimu za zamani za Land Rover zilizofungwa kwa ribiti zinahitaji tyubu, la sivyo huvuja upepo.

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na soko likabaki kutegemea tairi za nje, mpya na mitumba. Katika soko la namna hiyo, risiti iandikwe namba ya mzigo na tarehe ya kutengenezwa. Muuzaji anayekataa kuandika, aachwe na tairi zake. Hospitali ya Tumbi inapokea majeruhi wa kutosha wa Barabara ya Morogoro. Haihitaji kuongezewa wengine kwa ajili ya punguzo la bei.