Kujitolea si kuomoka, wazazi waambiwe mapema

Wasee, leo tuambiane ukweli. Kijana akienda Ujerumani mwaka mmoja kujitolea kupitia kanisa, hajaomoka. Hajapata kazi ya mshahara. Ameenda kutumika, na sisi Wakenya, kuanzia kwa familia hadi kwa kamati ya kanisa, tunajifanya hatujui tofauti.

Naongea kwa sababu huo mwaka nimeumaliza. Nilikuwa kwa nyumba ya wazee kusini mwa Ujerumani, nikisukuma viti vya magurudumu, nikipeleka chai na kucheza karata na watu wa miaka 90. Hiyo kazi niliipenda. Baridi nilizoea. Kilichonimaliza ni simu za kutoka nyumbani.

Kwanza tuelewe huu mpango. Ujerumani kuna huduma ya kitaifa ya kujitolea, Bundesfreiwilligendienst. Ilianza 2011, baada ya nchi kusimamisha sheria ya kuwalazimisha vijana wa kiume kuingia jeshini. Wale waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri walikuwa wanatumika hospitalini na kwa nyumba za wazee, na sheria iliposimama, pengo likabaki. Kuna pia mpango wa serikali yao unaoitwa weltwärts. Ulianza 2008 kwa kupeleka vijana Wajerumani nje, na tangu 2013 unapokea vijana kutoka upande wetu pia. Makanisa ni kati ya wanaopitisha watu humo.

Unapata nini? Mahali pa kulala, chakula ama pesa ya chakula, bima ya afya, na pesa ya mfukoni. Ile huduma ya kitaifa ina kikomo cha hiyo pesa: 2023 ilikuwa euro 438 kwa mwezi, na hapo ndipo palikuwa juu kabisa mwaka huo. Wengi hupewa chini ya kikomo. Unafanya kazi wiki nzima kama mfanyakazi mwingine yeyote, na ndani ya mwaka unaketi siku 25 za semina.

Najua hesabu ambayo umeshapiga kichwani. Euro 400 ni zaidi ya shilingi elfu hamsini! Maze, hata mwalimu huku hapati hizo kirahisi! Sawa. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu anayelipwa kule na kula huku. Kujitolea unalipwa kule na unakula kule. Nauli ni kule, kunyoa ni kule, buti za baridi ni kule. Na usiniambie nitafute kibarua cha jioni. Kibali cha kukaa kimefungwa kwa ile kazi ya kujitolea, hakikupi ruhusa ya kuhangaika venye unataka.

Shida yetu inaanzia kwa harambee. Hata pale nauli ya ndege inapolipwa na wenyeji, bado kuna kozi ya Kijerumani, pasipoti, safari za Nairobi na nguo nzito. Kanisa linachanga, na hiyo ni kitu poa sana. Halafu mwenye maikrofoni anasimama na kusema, "Huyu ni mtoto wetu, akifika huko hatatusahau!" Makofi. Hiyo sentensi moja imegeuza sadaka kuwa hisa. Kila aliyetoa mia mbili sasa ana kampuni, na kampuni ni wewe.

Mwezi wa kwanza wanauliza kama ulifika salama. Wa pili ni karo ya binamu. Wa tatu mjomba ana wazo la bodaboda. Wa nne kanisa lenyewe linataka uwaongeleshe "marafiki wetu wazungu" kuhusu spika mpya. Kijana wa miaka 21 aliyeenda kuosha vyombo vya wazee ameshafanywa ofisi ya wafadhili.

Na hiyo miezi ya mwanzo ndiyo migumu zaidi. Unajiandikisha kwa ofisi ya mji, unafungua akaunti ya benki, unagundua Kijerumani ulichofundishwa darasani sicho wanachoongea wazee wa kijijini. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hivyo ukisahau mkate Jumamosi ni shauri yako. Desemba, saa 10 na nusu jioni ni giza tayari. Dawa ya hayo yote ni watu: kwaya, timu ya mpira, jirani wa kunywa naye kahawa. Lakini kila kitu cha kukutoa nje kina nauli, na nauli imeshafika kwa M-Pesa ya mtu.

Kuna mwenzangu alitembea Januari nzima na raba za kitambaa. Pesa ya buti ilikuwa imenunua mabati nyumbani kwao. Alikuwa anaokota chupa tupu za plastiki kwa sababu dukani ukirudisha moja unapewa senti 25. Huku kwao walikuwa wanaona picha zake za theluji na kusema ameiva. Picha ya theluji haionyeshi viatu.

Utaniambia kusaidiana ndiyo mila yetu. Kweli, na mtu akipata mshahara asaidie, sina neno. Septemba 13, 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira kule Berlin. Ukipita mlango huo una kazi, una mshahara, na una haki ya kuulizwa karo ya binamu. Mlango wa kujitolea ni mwingine kabisa, na ukichanganya hiyo milango miwili unamtesa mtoto wa mtu.

Sasa geuza. Mjerumani wa miaka 19 anakuja huku kujitolea kwa shule ya kanisa. Tunamchinjia kuku. Tunamuuliza kama amelala vizuri, kama chakula kinamkubali, kama anamkumbuka mama yake. Huyu wetu aliye kule, nani amemuuliza kama anamkumbuka mama yake?

Kwa hivyo nataka makanisa yafanye kitu. Kabla ya harambee, waiteni wazazi na ndugu, muwasomee ule mkataba kwa lugha wanayoielewa: pesa ngapi, saa ngapi za kazi, unaisha lini. Mchungaji aseme mbele ya watu kwamba mwaka huo hakuna kumuomba huyu kijana shilingi, na kamati ya kanisa iwe ya kwanza kutii. Kisha achaguliwe mtu mmoja mzima, wa kumpigia simu kila wiki, aulize mambo matatu tu: umekula, umelala, una rafiki? Hiyo haihitaji bajeti.

Mimi niliporudi swali lilikuwa "umeleta nini?" Nimeleta Kijerumani. Nimeleta ujuzi wa kumwinua mgonjwa kitandani bila kumuumiza. Najua kukaa na mtu anayekufa nikamshika mkono bila kutoroka. Hakuna aliyeuliza kuhusu hayo, na huku kijijini kwetu tuna wazee wangapi?

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kijana ametoa mwaka mzima wa ujana wake. Msimwambie hajatoa kitu.

Kama wewe ndiye unaondoka mwaka huu, tuma hii kwa grupu ya familia kabla ya siku ya harambee. Wacha wakukasirikie sasa ukiwa hapa, una chapati na una mama yako, kuliko wakukasirikie ukiwa peke yako kwa theluji na raba za kitambaa.